Kasha la Kompyuta: Kazi ya Seremala na Swala la Istilahi

Mtu akiingia katika ofisi yoyote ya Nairobi, Nakuru au Mombasa na kuuliza lile sanduku lililo chini ya meza, ambalo nyaya zote za kompyuta hukomea kwake, linaitwaje, atajibiwa bila kusita kwamba hiyo ni "sipiyu". Jibu hilo limezoeleka mno hata hapana aonaye ajabu. Lakini kwa hakika sipiyu si sanduku. Ni kipande kidogo cha silikoni, kisichozidi ukubwa wa stempu ya barua, kilichobanwa juu ya bodi na kufunikwa kwa feni, nacho ndicho kifanyacho hesabu zote. Kuliita sanduku zima kwa jina lake ni sawa na kukiita chungu "wali" kwa sababu wali umo ndani.

Makala haya yanakusudia mambo mawili ambayo aghalabu hayatajwi pamoja. La kwanza ni kueleza jinsi sanduku hilo liwezavyo kuundwa kwa mkono, kwa mbao na bati, na fundi mwenye vifaa vya kawaida vya karakana. La pili ni kuonyesha kwamba katika kazi hiyo, tangu kupima hadi kupiga msasa, karibu kila kitu kina jina lake la Kiswahili tayari. Na pale jina linapokosekana, upungufu si wa lugha bali ni wa wale watungao orodha za istilahi huku wamekaa mbali na karakana. Swala hili si la mzaha. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi asomeshwaye kwa Kiingereza, kisha akaenda kufanya kazi kwa Kiswahili, huishia kuwa na maneno nusu nusu ya lugha zote mbili, na umeme wa volti 240 hautaki mtu wa nusu nusu.

Mashine iliyouzwa bila nyumba

Wengi hudhani kwamba sanduku ni sehemu ya kompyuta kama vile gamba lilivyo sehemu ya kobe. Historia haionyeshi hivyo. Mnamo Julai 1976 vijana wawili wa California, Steve Jobs na Steve Wozniak, walianza kuuza mashine ambayo leo hujulikana kama Apple-1, kwa bei ya dola 666.66. Kwa fedha hizo mnunuzi alipata bodi moja ambayo vipande vyake vyote vilikuwa vimekwisha kuunganishwa, basi. Kibodi, transfoma, skrini na sanduku vilikuwa juu yake mwenyewe. Paul Terrell, mwenye duka la Byte Shop mjini Mountain View, aliagiza bodi 50, na jumla ya zilizoundwa ilikuwa takriban 200 tu.

Kwa vile mashine hizo zilikuja uchi, wenyewe walizivika kila mtu kwa uwezo wake. Mojawapo, iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington, imekaa ndani ya sanduku la mbao lililoundwa kwa mkono. Nyingine chache zilitiwa katika masanduku ya mbao za koa, mti wa visiwa vya Hawaii ulio wa jamii moja na migunga ya nyika zetu. Moja ya hizo za koa ilikuwa mali ya mwalimu wa Chaffey College huko California, naye alimwuzia mwanafunzi wake mwaka 1977 kwa dola 650. Novemba 2021 mashine hiyo ilipigwa mnada ikafikia dola 400,000. Haiwezi kudaiwa kwamba thamani hiyo yote ilitoka katika mbao, lakini wanadi hawakuacha kuzitaja.

Mambo hayo yalijirudia miaka 36 baadaye. Februari 2012 huko Uingereza ilianza kuuzwa Raspberry Pi, kompyuta ya dola 35 ambayo bodi yake ina urefu wa milimita 85 na upana wa milimita 56, nayo pia ilikuja bila sanduku. Watu waliitengenezea makao kwa kadibodi, kwa vipande vya plastiki vya watoto kuchezea, kwa mbao, na kwa mikebe ya kila namna. Hivyo sanduku na kompyuta ni vitu viwili mbalimbali, na kwa sababu hiyo vyastahili majina mawili.

Vipimo

Kazi ya seremala huyu inawezekana kwa sababu moja kubwa: vipimo vya bodi havibadiliki ovyo. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa kanuni iitwayo ATX, ambayo kwayo bodi kuu ina milimita 305 kwa 244. Mwaka 2001 kampuni ya VIA ikaleta bodi ndogo zaidi, Mini-ITX, ya mraba wa milimita 170. Mahali pa matundu ya skurubu na mahali pa soketi za nyuma pamewekwa na kanuni hizo. Kwa hivyo fundi wa Mombasa anaweza kutoboa matundu leo kwa ajili ya bodi itakayoundwa Taiwan mwakani, nayo itakaa.

Yafaa hapa kutaja tatizo la neno lenyewe. Wengine wamependekeza "ubao mama". Neno hilo lina kasoro, kwani wingi wake ni "mbao", na fundi atengenezaye sanduku la mbao kwa ajili ya mbao nyingine hatajua azungumzacho. "Bodi" nalo halikosi lawama: katika gereji bodi ya gari ni umbo lake la nje, yaani kinyume kabisa cha kitu kikaacho ndani. Hata hivyo "bodi kuu" ndilo lenye madhara machache, na ndilo litumikalo humu.

Tuseme fundi amepewa bodi ya Mini-ITX na pawa saplai ya kawaida, ile yenye upana wa milimita 150, kimo cha 86 na urefu wa 140. Njia nyepesi ni kuvilaza viwili hivyo bega kwa bega, migongo yao ikielekea ukuta wa nyuma. Bodi inachukua 170, pawa saplai 150. Zikiachwa milimita 10 kila upande na 20 katikati, upana wa ndani unakuwa milimita 360. Kwenda nyuma, bodi inataka 170, na nyaya zinataka nafasi ya kujikunja isiyopungua 60. Milimita 240 zatosha bila kubanana. Kimo cha 150 kinaacha nafasi ya feni ya juu ya sipiyu na hewa ya kupita. Mbao zikiwa na unene wa milimita 15 na ukuta wa nyuma ukiwa wa bati la milimita 1, sanduku lote kwa nje litakuwa na milimita 390 kwa 256 kwa 180, takriban sawa na sanduku dogo la cherehani.

Ukuta wa nyuma lazima uwe wa bati, na sababu yake hujulikana na wengi baada ya kuharibu mbao nzuri. Soketi za bodi kuu zimetengenezwa zitokeze kidogo tu, kiasi cha kupenya karatasi ya chuma. Zikikutana na ubao wa milimita 15 humezwa, na plagi haizifikii. Upenyo utakiwao kwa soketi hizo ni wa milimita 158.75 kwa 44.45, nao hukatwa kwa tindo na tupa, au kwa msumeno wa chuma, kisha kingo zake zikasuguliwa zisije zikachana vidole. Mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi, ambao kila mwaka huwatengenezea wanafunzi wa shule za bweni masanduku ya bati, hawahitaji kufunzwa jambo hili. Wao hukunja, hukata na kupiga ribiti kwa wepesi ambao mwenye shahada ya uhandisi hana budi kuuhusudu.

Matundu ya skurubu za bodi ya Mini-ITX ni manne, na mwanagenzi huona kwa macho kwamba yamekaa katika pembe nne za mraba. Sivyo. Moja limerudishwa ndani kwa takriban milimita 23, na atobowaye kwa kubuni hutoboa mara mbili. Dawa ni kuilaza bodi yenyewe juu ya karatasi, kuzipitisha alama kwa ncha ya penseli, na kuifanya karatasi hiyo kuwa kielelezo. Hatimaye bodi haikai juu ya mbao moja kwa moja. Huinuliwa kwa viguu vidogo vya shaba ili hewa ipite chini yake na ncha za risasi zilizo upande wa chini zisiguse kitu.

Mbao na tabia zake

Hapa ndipo kazi ilipo tamu, na ndipo seremala amzidipo mtaalamu wa kompyuta. Mbao haifi mti ukikatwa. Huendelea kunywa unyevu wa hewa na kuutoa, ikitanuka na kunywea, lakini si sawa pande zote: kwa urefu wa nyuzi haibadiliki kiasi cha kuonekana, bali kwa upana hubadilika. Kifuniko cha upana wa milimita 256 kilichopigwa randa Mombasa wakati wa masika, kisha kikapelekwa Nairobi katika ukavu wa Januari, chaweza kupungua milimita kadhaa. Ikiwa kimefungwa kwa gundi na misumari pande zote nne, kitapasuka katikati, tena usiku, kwa mlio.

Mafundi wa milango na makasha walilijua jambo hili zamani sana, na dawa zao ni mbili. Ya kwanza ni kuzielekeza nyuzi za mbao zizunguke sanduku: ubavu wa kushoto, kifuniko, ubavu wa kulia na kitako, nyuzi zote zifuatane kama mkanda uzungukavyo kiuno. Mbao hizo zikinywea zinanywea pamoja na kwa upande mmoja, na hapana inayomvuta mwenziwe. Ya pili ni kuutia ubao mpana katika mfereji wa fremu bila gundi, ucheze humo kama utakavyo huku fremu ikisimama imara. Bati la nyuma nalo lisitobolewe matundu ya duara kamili bali marefu kidogo, ili skurubu isogee mbao inaposogea.

Viungo vya pembe ni vya namna nyingi, na si kila fundi hukubaliana na mwenziwe juu ya kilicho bora. Njia ya meno, yaani kukata ncha za mbao mbili zipokeane kama vidole vya mikono miwili, ndiyo iliyo imara kwa sanduku, kwa kuwa inaipa gundi uso mkubwa wa kushika. Ulimi na tundu lake hufaa zaidi katika fremu. Misumari peke yake haifai hata kidogo. Kila sanduku la kompyuta hufunguliwa mara nyingi katika maisha yake, kwa kusafisha vumbi au kubadilisha diski, na kitu kilichopigiliwa misumari hakifunguliwi bali huvunjwa. Kwa sababu hiyo kifuniko kiwe na bawaba, au kishikwe kwa parafujo.

Kuhusu aina za mbao, mvule ni imara na hauliwi na mchwa kwa urahisi, lakini umekuwa adimu na bei yake si ya mwalimu. Msaji hukaa kimya kuliko mbao nyingi, ila mafuta yake ya asili huizuia gundi isishike, na fundi hana budi kuufuta kwa spiriti kabla ya kuunga. Mkangazi na mninga hupigika randa vizuri na rangi yake hupendeza bila vanishi nyingi. Saipresi, ambayo imejaa katika maduka ya mbao ya bara, ni nyepesi na ya bei rahisi. Aibu yake ni vifundo, na haifai kukatwa meno madogo. Anayejifunza aanze na saipresi. Mbao ya kuharibu iwe ya bei ndogo.

Kazi ikikaribia kwisha, guni huwekwa katika kila pembe, na uzi hupimwa kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari. Vipimo viwili vikilingana, sanduku limenyooka. Kisha hufuata msasa, kwanza wa chembe kubwa, baadaye wa chembe ndogo, daima kwa kufuata nyuzi. Neno "msasa" lenyewe ni la mti ambao majani yake yana mkwaruzo, na mafundi walisugulia mbao kwa majani hayo kabla karatasi ya dukani haijafika. Tukio kama hilo, la jina la mti kuhamia katika bidhaa ya kiwanda pasipo kamati yoyote kuketi, lina mengi ya kumfundisha mtunga istilahi.

Hewa na vumbi

Mbao ina kasoro ambayo chuma haina: haipitishi joto. Sanduku la chuma hupoteza joto kidogo kwa kuta zake, bali la mbao hulifungia ndani kama kikapu cha wali kilichozungushiwa blanketi. Si kwamba mbao zitashika moto kwa joto la sipiyu, kwani sipiyu huwa inajizima yenyewe ifikapo kiasi cha nyuzi 100 za Selsiasi, na mbao inataka zaidi ya nyuzi 200 ndipo iwake. Hatari ni kwamba mashine itapunguza kasi na vipande vyake kuchakaa mapema. Kwa hiyo njia ya hewa lazima ifikiriwe kabla ya msumeno kuguswa.

Katika sanduku lililoelezwa hapo juu, feni ya milimita 120 huwekwa mbele, sawasawa na bodi kuu, ikivuta hewa ya nje kuingiza ndani. Matundu ya skurubu zake huachana kwa milimita 105. Pawa saplai ina feni yake yenyewe. Ikilazwa feni hiyo ikitazama juu, hubakia milimita 64 kati yake na kifuniko, nayo huivuta hewa iliyokwisha kupata joto na kuitoa nyuma. Hivyo hewa ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, haizungukizunguki.

Kuna swali ambalo katika nchi ya vumbi ni kubwa kuliko la joto: feni ipi iwe na nguvu zaidi, ya kuingiza au ya kutoa? Ikiwa ya kutoa inashinda, sanduku hupungukiwa na hewa, na hewa hujipenyeza kwa kila ufa na kila soketi, pamoja na vumbi lake. Ikiwa ya kuingiza inashinda, hewa hujaa ndani na kusukumwa nje kwa nyufa hizo hizo, na vumbi halina pa kuingilia isipokuwa mlango wa mbele. Mlango huo mmoja ukizibwa kwa kitambaa chepesi, kazi imekwisha. Soksi ndefu za kike za nailoni, zikikazwa katika fremu ndogo nyuma ya tundu la feni, hufanya kazi hiyo vizuri kuliko vichujio vingi vya dukani, na huoshwa kwa sabuni kila mwezi. Pwani, vumbi si adui mkubwa kama chumvi ya hewa, nayo haizuiwi kwa soksi. Mwenye mashine Lamu au Malindi afadhali asiizime kwa siku nyingi mfululizo, maana joto lake hufukuza unyevu.

Umeme

Sehemu hii haina nafasi ya majaribio. Katika sanduku la chuma, waya wenye moto ukichomoka na kugusa ukuta, mkondo hukimbilia waya wa ardhi na fyuzi hukatika. Katika la mbao, waya huo waweza kulala juu ya ubao mkavu siku nyingi ukimngoja mtu. Kwa hivyo kila kipande cha chuma kilichomo, bati la nyuma kwanza, kiungwe na mwili wa pawa saplai kwa skurubu zilizokazwa juu ya chuma kitupu kisicho na rangi, na plagi iwe ya pini tatu iliyounganishwa kikweli na waya wa ardhi, si ile ya pini mbili iliyolazimishwa kwa kijiti. Desturi hiyo ya kijiti imeenea majumbani, na hapana istilahi nzuri ya kuifanya iwe salama.

Pawa saplai yenyewe isifunguliwe kamwe. Ndani yake umeme wa 240 hugeuzwa ukawa mkondo wa moja kwa moja wa zaidi ya volti 300, na vipande viitwavyo kapasita huweza kuuhifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa.

Mbao ina kasoro nyingine isiyo ya hatari lakini yenye kuudhi. Kompyuta ikifanya kazi hutoa mawimbi ya redio, ambayo sanduku la chuma lililofungwa vizuri huyazuia, ilhali la mbao huyaachia. Aprili 1975, mjini Menlo Park, Steve Dompier aliwashangaza wanachama wenziwe wa Homebrew Computer Club kwa kuweka redio karibu na kompyuta ya Altair 8800 na kuifanya redio hiyo iimbe kwa mawimbi ya mashine peke yake. Mwaka 1979 serikali ya Marekani iliweka kanuni za kuzuia masumbuko ya namna hiyo. Jirani wa mwenye kasha la mbao akilalamika kwamba idhaa ya masafa ya kati inakoroma, fundi abandike karatasi ya bati nyembamba kwa ndani, akiiunga na waya wa ardhi, na kuiweka mbali na bodi.

Jina

Laiti swala lingekuwa la "sipiyu" peke yake lingekuwa jepesi. Mafundi wenyewe, na hasa wauzaji wa vipuri wa Luthuli Avenue, hawasemi sipiyu, husema "kesi". Neno hili limetoholewa vizuri na halina kosa la kisarufi, lakini mahali pake pamekwisha kukaliwa. Mswahili akiambiwa kwamba fulani ana kesi, hufikiri juu ya hakimu, si juu ya feni. Tangazo lisemalo "tunarekebisha kesi za aina zote" lingempatia mwenye duka wateja asiowatarajia.

Jambo la kuvutia ni kwamba maneno haya mawili, la mahakama na la sanduku, hayana asili moja hata katika Kiingereza. La mahakama limetokana na neno la Kilatini *casus*, tukio. La sanduku limetokana na *capsa*, chombo cha kuhifadhia vitu, likapitia Kifaransa cha zamani. Neno hilo la pili, *capsa*, lilizaa pia *caixa* ya Kireno, nayo ikafika pwani yetu zama za Wareno, wale waliojenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 na kuipoteza mwaka 1698. Waswahili walilitia neno hilo mdomoni likawa "kasha". Kwa maneno mengine, kesi ya wauza vipuri na kasha la bibi harusi ni ndugu wa mbali, wajukuu wa babu mmoja, ambao mmoja alifika kwa jahazi na wa pili kwa ndege. Kiswahili kimeombwa kulikopa mara ya pili neno ambacho kinalo tangu miaka mia nne.

Kasha halikuja peke yake. Wareno waliacha pia bweta, parafujo na meza, vitu ambavyo vyote vimo katika habari hii. Waarabu walituachia sanduku, na Waajemi randa. Msumeno ni wetu wenyewe, na meno yake yaonekana ndani ya neno. Seremala wa pwani hutumia maneno hayo yote kwa siku moja bila kuulizana asili, na kila moja lina mpaka wake. Sanduku ni la jumla. Kasha ni kubwa, zito, la kudumu, lenye kifuniko na kitako, tena hutengenezwa kwa ustadi. Bweta ni dogo, la kuchukulika kwa mkono mmoja. Kijaluba ni kidogo zaidi, cha chuma, cha kutiwa mfukoni. Mkebe na debe ni vya bati.

Ukilitazama jambo hili kwa macho ya mtunga istilahi, kazi karibu imekwisha kabla ya kuanza. Umbo kubwa lisimamalo sakafuni ni kasha la kompyuta. Lile la Raspberry Pi ni bweta, na likiwa la chuma, kijaluba. Fundi akipata agizo la "kasha la mkangazi, kitako cha bati, kifuniko cha bawaba", ataelewa kila neno, na mteja pia. Iwapo wapo wanaosema tarakilishi au ngamizi badala ya kompyuta, hilo ni shauri lao na halibadilishi kitu, kwani kasha litabaki kasha.

Huenda akatokea wa kupinga kwamba kasha ni neno la kale, lenye harufu ya udi na nguo za harusi, na haliwezi kubeba mashine. Hoja hiyo ina udhaifu. "Msasa" lilibeba karatasi ya kiwandani, na "jiko" limebeba umeme na gesi. Maneno huzeeka kwa kutotumiwa, si kwa kutumiwa katika vitu vipya.

Yamebaki machache ambayo hayajapata jina lililokubaliwa. Vile viguu vya shaba vinavyoinua bodi, hapa vimeitwa viguu kwa kuwa hapana neno lililotangulia. Kipande cha bati chenye matundu ya soketi, kinachokuja pamoja na kila bodi kuu na kupachikwa katika ukuta wa nyuma, hakina jina kabisa. Wauzaji hukionyesha kwa kidole. Na tofauti kati ya feni ya kuingiza hewa na ile ya kutoa hutajwa kwa sentensi nzima, ingawa mvuvi anayo maneno ya upepo uingiao na utokao. Katika haya, yafaa mafundi wa Kamukunji na wale wa Lamu waulizwe kwanza, vitu vyenyewe vikiwa mkononi mwao, na kamati iketi baadaye.